Mpunga Wote ni Wangu

Ifakara, 2 Juni 1957

Kwa mpwa wangu Hermenegildi, karani wa magari, Dar es Salaam.

Pokea salamu kutoka huku bondeni, zijaze mifuko ya hilo koti lako la ofisini na zinazobaki wagawie wenzako. Sisi hatujambo. Mama yako Balbina mguu umepoa tangu masista wa hospitali waufunge, sasa anatembea haraka kuliko mimi, mimi niliyekata milima ya Burma kwa buti la jeshi. Shangazi yako Apolonia anakusalimu na kuuliza utaoa lini, au wanawake wa mjini wamekwisha. Maji yamerudi mtoni, mpunga umevunwa, na mwaka huu hata mvivu amepata wa kula.

Lori nalo ni zima. Tangu tulilete, watu wa Katindiuka wakisikia honi wanaacha chakula. Jina langu pale mlangoni limekolea rangi kama jana. Hakuna mwananchi mwingine katika bonde hili mwenye lori lenye jina lake mlangoni, na kama yupo, basi amejificha. Ningependa lingekuwa la Kimarekani kama yale niliyoendesha vitani, lililonyanyuka, la kudharau tope. Lakini uliniandikia kwamba Serikali haitoi kibali cha dola, tununue la Kiingereza. Nikanunua. Sikuuliza ni lini Serikali ilikuja kulima na sisi hata ituchagulie gari.

Sasa jambo lililonikalisha mezani. Juma lililopita nimepakia mpunga wa kupeleka Kilosa, nikasimamishwa Kidatu na bwana mmoja wa Serikali, kijana, kofia kubwa kuliko kichwa. Akazunguka lori, akapapasa magunia.

“Mpunga huu wa nani?”

“Wetu.”

“Wetu ni nani?”

“Wetu sisi, bwana. Hata wewe ukija kula, wako.”

Hakucheka. Akauliza mbona magunia yameshonwa kila moja kivyake. Hapo nikaona mtu anataka elimu, na mimi si mchoyo. Nikamweleza kwamba kwetu kila mwanamke ana shamba lake na ghala lake, hata kama mume ni mmoja, na kila mmoja hushona gunia kwa mshono wake ili wasigombane sokoni. Huu wa ukindu wenye mafundo mawili ni wa dada yangu Balbina. Huu wa katani iliyosokotwa ni wa mke wangu Apolonia. Huu uliolala kushoto ni wa Konsolata, mjane, jirani yetu. Nikampa yote bila kukosea hata gunia moja. Yeye anaandika, mimi natamka, tukaenda vizuri kabisa. Mwisho akaniambia ahsante, akasema leseni yangu inaruhusu mali ya mwenye gari peke yake, na mimi nimebeba mali za watu, nitaitwa.

Mpwa wangu, ile karatasi ya leseni ni wewe uliyeijaza kwa Kiingereza. Mimi nilitia sahihi tu, sahihi nzuri, lakini sahihi tu. Inasemaje?

Ni mimi mjomba wako,
Kasmiri

*

Dar es Salaam, 24 Juni 1957

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia, nimefurahi kusikia mguu wa mama umepona. Mimi ni mzima. Hapa mvua za mwisho zimekwisha na joto limepungua kidogo. Kazi ni nyingi. Meli imeshusha malori mengine kutoka Uingereza, yamo kwenye makasha vipande vipande, mafundi wanayaunganisha uani na mimi nahesabu tairi mpaka naziota. Mpe shangazi salamu, mwambie nitaoa.

Kuhusu yale ya Kidatu, mjomba, ulisema mno. Kuanzia sasa fanya hivi. Waambie akina mama wote washone magunia kwa mshono mmoja, mshono wako. Asiwepo wa ukindu wala wa kushoto. Na ukiulizwa mpunga ni wa nani, jibu ni wangu, basi, usiongeze neno. Baraza la Leseni litakaa Morogoro mwezi wa Septemba na huenda ukaitwa. Ukijibu vizuri lori litabaki barabarani.

Usiwaeleze watu sana sababu. Maneno husafiri.

Mpwa wako mtiifu,
Hermenegildi

*

Ifakara, 16 Julai 1957

Mpwa wangu karani,

Marahaba, marahaba nyingine uiweke akiba. Hatujambo. Tadei mtoto wa Konsolata amepata Kipaimara, tukala nguruwe, nikacheza ngoma mpaka Padri akasema huyu Kasmiri vita havijamwisha mwilini. Mama yako hajambo. Yuko shambani tu, kazi zimemzidi, ndiyo maana hajatia salamu zake humu.

Ushauri wako nimeutimiza. Niliita akina mama, nikawaambia kuanzia leo mshono ni mmoja. Wamekubali vizuri, wamefurahi hata. Nawajua watu wangu, na mimi nikisema neno hapa halirudi.

Ila nina maswali, na wewe huna haja ya kuyakimbia kwa sababu yako kwenye karatasi, hayakufuati na rungu.

La kwanza. Nilikuuliza leseni inasemaje. Ukanijibu mvua, joto, tairi na makasha. Leseni hukuitaja. Mtu akiulizwa njia ya kwenda kisimani akaanza kusifu mtungi, mimi namtazama miguu.

La pili. Barua ya kuniita Morogoro imeletwa na tarishi wa Bwana Shauri juzi. Septemba, kama ulivyosema. Wewe ulijua kabla yangu, kabla ya tarishi, labda kabla ya Bwana Shauri mwenyewe. Nani alikuambia?

Nauliza kwa sababu nimesikia neno. Ile kampuni yenye malori mekundu, inayoruhusiwa kubeba mizigo ya kila mtu katika bonde hili peke yake, inanunua magari yake hapo hapo unapofanya kazi. Wakala wao ananisalimia siku hizi kwa jina langu kamili. Mtu asiyekupenda akianza kukuamkia vizuri, tazama nyuma ya nyumba.

Na niambie wewe uliyesoma. Mimi nina lori, Konsolata ana mpunga, Kilosa kuna mnunuzi. Watu watatu wamepatana. Serikali inaingilia wapi? Haijasukuma lori hata siku moja, na tope lote la Kidatu hadi Mikumi linanifahamu.

Mjomba wako,
Kasmiri wa Burma

*

Dar es Salaam, 12 Agosti 1957

Mjomba,

Shikamoo. Hongera kwa Kipaimara cha Tadei. Mimi nilikuwa na homa juma moja, sasa sijambo.

Umeandika kwamba akina mama wamefurahi. Mama ameniandikia kwa mkono wa katekista Nikodemu, na anasema mengine. Anasema uliposema mshono uwe mmoja walitazamana, kisha Konsolata akauliza: “Magunia yote yakifanana, huko Kilosa utajuaje langu limeuzwa na lako limerudi?” Na wewe ukajibu, “Mniamini mimi.” Mama anasema tangu siku ile amefunga ghala lake na hajapakia hata gunia moja. Anasema humpigii hodi tena ukipita. Haya hukuniandikia. Kwa hiyo mjomba, si mimi peke yangu ninayesifu mtungi.

Umeuliza Serikali inaingilia wapi. Hapa ofisini wanasema hivi: reli ni ya Serikali, ilijengwa kwa gharama, malori yakiachiwa yabebe chochote popote, reli itabeba upepo. Wanasema pia wenye malori wakizidi watashindana mpaka wote wafe, na barabara zitakwisha. Kwa hiyo kila bonde linawekewa mbebaji mmoja au wawili wa kutosha. Si mimi niliyeitunga sheria. Naona ina sababu yake, ingawa aliyekwisha kuwekwa ndani ya ua ndiye anayeupenda ua.

Kuhusu nani aliniambia habari za Septemba, mambo ya ofisi hubaki ofisini. Nakula kwa kazi hii.

Lori hili lilinunuliwa kwa akiba yako ya jeshini na mpunga wa mama. Leseni ikiondolewa litakaa uani kuku watagie humo. Ukifika mbele ya Baraza sema mpunga wote ni wako. Sema mara moja, kaa chini. Nakuomba.

Mpwa wako,
Hermenegildi

*

Ifakara, 22 Septemba 1957

Hermenegildi,

Hatujambo. Apolonia ana kikohozi. Mengine utayaona humu humu.

Nilifika Morogoro na suruali yangu ya kaki na medali. Mabwana wanne mezani, mkalimani pembeni, na wakala wa malori mekundu ameketi nyuma amekunja mguu kama yuko kwake. Mama yako alikuwamo. Alipanda lori siku ile akasema anakwenda kuonyesha macho kwa daktari, macho ambayo yanaona nzi akipita ng'ambo ya mto. Sikumkatalia, nilifurahi kwamba amelipanda lori letu tena. Akakaa benchi la mwisho.

Wakauliza, “Mpunga uliokamatwa nao Kidatu ulikuwa wa nani?”

Nikasema, “Wangu.”

“Wote?”

“Mpunga wote ni wangu.”

Hapo ningekaa chini kama ulivyoniambia. Lakini mkubwa wao akanyanyua ile karatasi ya Kidatu, akasema mbona uliwataja wanawake? Na wewe unanijua, nikisimama mbele ya watu ulimi unavaa buti. Nikasema, “Bwana, hao ni watu wangu. Wanalima kwa amri yangu. Mimi ndiye nagawa mashamba, mimi ndiye nagawa mbegu.” Wakacheka, nikaona nashinda, nikazidi. Akauliza, “Hata huyu dada yako Balbina?” Nikasema, “Huyo hana hata punje. Namlisha mimi.”

Mkalimani hakuwa na haja ya kumtafsiria mama yako. Alisimama, akajifunga khanga, akatoka.

Leseni wameniachia. Wakala alikunjua mguu, uso umemshuka, na mimi nikatoka nje kifua mbele kumtafuta dada yangu ili tucheke pamoja. Nikamkuta stendi anapanda lori jekundu. Amelipa nauli kwa watu wale wale! Nikamwita, “Dada, lori si hili hapa?” Akanijibu bila kugeuka: “Hilo la mwenye mpunga. Mimi sina hata punje.”

Basi sikiliza hali yangu. Leseni ninayo, lori ninalo, barabara kavu, petroli imejaa. Akina mama wote wamekwenda kupakia kwenye malori mekundu, ambayo yanawatoza yanavyotaka, na wanalipa huku wakinitazama. Mzigo wangu ni ule wa shamba langu mwenyewe, ambao hata bodi haukuijaza nusu. Yaani nimefuata sheria ya Serikali mpaka mwisho. Nabeba mali ya mwenye gari peke yake.

Nimekaa nikafikiri. Wewe ulijua. Ulijua siku ile unajaza karatasi kwamba leseni ya mizigo ya watu wote haitolewi kwetu kwa kuwa wekundu wameshawekwa, ukaandika mali ya mwenye gari, ukanyamaza, ukasubiri mjomba atie sahihi nzuri. Na nyinyi mkauza lori. Nikanushie hilo kwa neno moja, la Kiswahili. Kama hukujua andika “sikujua”.

Kasmiri

*

Dar es Salaam, 20 Oktoba 1957

Mjomba,

Shikamoo. Poleni kwa kikohozi cha shangazi, namtumia dawa ndani ya kifurushi hiki pamoja na sabuni.

Jambo moja nimelipata kwa kusoma sheria yenyewe, si kwa kusikia. Inasema mali ya mwenye gari. Haisemi mwenye gari awe mtu mmoja. Wakulima wakijiandikisha chama cha ushirika, na lori likawa la chama, basi mpunga wa wanachama wote ni mali ya mwenye gari, na kila mmoja ashone anavyotaka. Bwana Ushirika hupita Ifakara mwanzo wa mwaka.

Lakini hapo lori halitakuwa lako. Wewe utakuwa dereva wa chama.

Nimemwandikia mama vile vile, ili asisikie kwa mtu.

Lile neno ulilotaka, mjomba, nitakuja kuzungumza nawe nikipata likizo.

Hermenegildi

*

Ifakara, 29 Juni 1958

Kwa mpwa wangu Hermenegildi, msomaji wa sheria.

Usishangae mkono huu, ni wangu, sijafa. Miezi yote hii sikukuandikia kwa sababu nilikuwa nakukasirikia, na hasira yangu haipendi kununua stempu. Apolonia amepona, sabuni yako aliimaliza akijiandaa kwa harusi ya jirani. Mto ulikula shamba la chini, la juu limezaa. Likizo yako naona imepotelea njiani kama mizigo ya reli. Sikuulizi tena. Mtu aliyeandika barua nzima kulikwepa neno moja amekwisha kunijibu.

Nikueleze yaliyotokea, maana najua mama yako amekupa upande wake.

Bwana Ushirika alipita baada ya Krismasi. Balbina alikuwa amekwisha kuzungukia nyumba zote za Katindiuka, yeye na Konsolata, na Nikodemu akiandika majina nyuma yao. Wakaja kwangu wamejipanga. Mama yako akasema, “Kaka, lori lina sehemu yangu na sehemu yako. Yangu naitia chamani. Yako je?” Nikasema nipeni siku nifikiri. Nikafikiri Kwaresima yote. Nilidhani ni ujanja wako, kwamba kesho nitasikia chama kimeuzwa kwa wekundu na wewe umepandishwa cheo. Hata sasa sijakataa kabisa. Lakini kila asubuhi nikitoka naliona lori limesimama, na kuku wa jirani amekwisha kulichunguza. Mwanamume anaweza kuvumilia kuitwa mwongo. Kuona injini inakufa kwa kukosa kazi, hapana.

Nikawapa. Nilichukua msasa mwenyewe nikafuta jina mlangoni, sikutaka mtu mwingine aliguse. Wakaniajiri dereva. Nikawaambia wazi, dereva nitakuwa, lakini jina langu kwenye chama chenu siliweki mpaka nione mwisho wake. Ninyi hamkuniamini kwa gunia, nami siwaamini kwa kitabu. Mama yako akasema sawa, hakubembeleza. Kutobembeleza kule ndiko kulikonitia wasiwasi.

Jumatatu iliyopita tukapakia safari ya kwanza ya mavuno haya. Ungeona! Magunia ya kila mshono, ukindu, katani, wa kushoto, wengine wametia hata nyuzi za sweta. Wakala wa wekundu amesimama mbali anatafuna kijiti. Nami nikaleta ya kwangu, nikayasogeza nyuma ya bodi. Balbina amesimama juu na kalamu sikioni, kalamu ambayo hajui kuitumia.

“Mpunga huu wa nani?”

“Wangu, dada.”

“Wewe ni mwanachama?”

“Mimi ndiye dereva.”

“Sikukuuliza kazi. Leseni inasema mali ya mwenye gari.”

Nikadhani mzaha. Nikatazama akina mama, hakuna anayecheka. Nikamwambia Nikodemu basi niandike sasa hivi, akasema kitabu cha wanachama kimefungwa mpaka Bwana Ushirika arudi. Lori linanguruma, jua linapanda, na mimi, Kasmiri, niliyevusha mabomu milima ya Burma, nimesimama chini na magunia yangu kama abiria asiye na nauli.

Konsolata akasema, “Tuyaache, yatakwenda na wekundu.”

Mama yako akainama, akaniambia polepole, “Yanaweza kupanda. Sema ni yangu.”

Nikasema kwa sauti ya chini.

“Sikusikia,” akasema. “Kule Morogoro ulisikika mpaka nje.”

Basi nikasema. Nilisema mbele ya wakala, mbele ya Nikodemu, mbele ya Katindiuka nzima: “Mpunga huu ni wa Balbina! Mimi sina hata punje!” Walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Magunia yakapanda, nikashika usukani, tukaenda.

Kilosa tumeuza vizuri, na kijana yule wa kofia alitupisha Kidatu bila neno. Wote wamekwisha kupokea chao. Ila juu ya yale magunia yangu, mpwa wangu, mpaka leo Jumapili mama yako hajasema kitu. Nimepita kwake mara tatu, nimepiga hodi kila mara, nimeuliza habari za mguu, za kuku, za mvua. Ananikaribisha vizuri, ananipa chai, anatabasamu. Jana nikajikaza nikauliza, “Dada, na ule mpunga?” Akasema, “Upi? Ule wangu?”

Sijui anatania au vipi. Wewe ni mwanawe, jaribu kumwuliza. Lakini usiseme ni mimi niliyekutuma.

Mjomba wako,
Kasmiri, dereva